Mapipa Manane ya Mama Ikupa

Tunduma mtu hakai nusu saa bila shughuli. Akikaa, ama atauziwa kitu, ama atauza. Mhoja, mwana wa Mzee Masumbuko, alikuwa amemaliza nusu saa yake juu ya tairi kuukuu katika gereji ya Gwalugano, fundi wa kupuliza rangi kwenye malori, na siku hiyo hakuwa na cha kuuza hata kidogo.

Hali yake tuiseme mapema, ili msomaji asije akamhurumia kabla ya wakati. Mwaka uliopita baba yake, mfugaji wa kule chini bonde la Momba, alimkabidhi ng'ombe wanne awapeleke mnadani. Fedha ilikuwa ya mahari ya mdogo wake, Emanueli. Mhoja aliwauza vizuri sana. Kisha akaona fedha ile inachoka kukaa bure mfukoni, akaiingiza kwenye biashara ya vitenge vya Nakonde akishirikiana na bwana mmoja mwenye sauti ya upole. Bwana yule alivuka mpaka kwenda kuleta vitenge na hadi leo bado anavileta. Mzee Masumbuko alipopata habari alisema neno moja tu: asiuone uso wa Mhoja bila ng'ombe wanne. Emanueli hakusema kitu. Aliendelea kuchunga na kungoja, na huko kunyamaza kwake ndiko kulikomuuma Mhoja kuliko hasira ya baba.

Sasa, siku hiyo gerejini, aliingia binti mmoja mwembamba, mwanafunzi wa kemia chuo kikuu, amebeba kisanduku cha buluu. Akawaita mafundi. Akamimina thina kwenye glasi mbili, thina ileile ya kulainishia rangi, na kwenye glasi ya pili akadondosha maji kwa sindano, tone moja tu. Kwa macho glasi zote zilikuwa sawa. Kisha akatoa vipande viwili vya karatasi vyembamba, akachovya kimoja huku na kingine kule, akaviweka chini ya ile taa ya zambarau ambayo wabadilisha fedha wote wa mpakani wanaitumia kukagulia noti.

Kipande cha kwanza kilibaki cheusi. Cha pili kikawaka kijani, kikali, mpaka fundi mmoja akarudi nyuma.

"Hii karatasi imepakwa dawa," binti akaeleza. "Ndani ya thina safi dawa imelala. Ikiguswa na maji, hata kidogo namna gani, inaamka na kuwaka. Ninyi mkipuliza rangi ikatoka na ukungu mweupe, mnalaumu mkono wa fundi. Mara nyingi ni maji. Mengine muuzaji kayatia, mengine thina imeyanywa yenyewe kutoka hewani, pipa likiachwa wazi."

Mafundi wakapiga makofi. Gwalugano akaachiwa kisanduku kimoja cha majaribio, akakifungia kwenye droo pamoja na vitu vyake vya heshima, kama wafanyavyo watu na vikombe vya kabatini. Watu wakaanza kumsalimia binti kwa utaratibu wa Mbozi, umetoka wapi, wewe ni wa kwa nani, mama yako ni yupi. Mhoja hakuyasubiri hayo. Salamu ndefu aliziona ni kazi ya watu wasio na malengo. Alichokuwa amekitazama muda wote si karatasi, ni nyuso za wauza thina wawili waliokuwa wamesimama mlangoni. Zile nyuso zilikuwa zimekauka.

"Huu ni mchongo," akajiambia, akaondoka.

Utafiti wake mwenyewe aliufanya jioni ileile, kwenye meza ya mbadilisha fedha mmoja aliyefahamiana naye. Aligundua mambo matatu ambayo chuo kikuu hakikuwa na haja ya kumfundisha. La kwanza, shati lake jeupe lililofuliwa kwa sabuni ya unga linawaka chini ya taa ile. La pili, karatasi ya daftari la shule nayo inawaka bila kuchovywa popote. La tatu, ukiipaka karatasi hiyo ile kalamu ya kijani wanafunzi wanayopakia maneno ya kukumbuka, inawaka kijani kuliko hata ya yule binti. Kipimo chake kikawa na sifa moja kubwa: hakikosi. Ukikichovya kwenye thina mbovu kinawaka, kwenye thina safi kinawaka, na ukikisahau mfukoni kinawaka vilevile.

Akanunua daftari, kalamu, na taa ndogo ya zambarau ya betri. Akanunua reflekta ya mtumba. Mgongoni palikuwa na jina la kampuni ya barabara iliyokwisha kuondoka siku nyingi, lakini katika nchi yetu mtu aliyevaa reflekta hasomwi mgongo, anapishwa njia. Kitambulisho alikining'iniza shingoni kikiwa kimegeuka, ili kila mtu aone uwazi wa plastiki tu. Kesho yake asubuhi Mhoja aliamka akiwa Injinia.

Mteja wake wa kwanza alikuwa Zabron wa Majengo, mmoja wa wale wawili wa mlangoni.

"Nani kakutuma?" Zabron akauliza.

"Ubora, mzee wangu. Ubora ndio umenituma."

"Una barua?"

"Barua inakuja na faini. Unataka tuanze na barua?"

Zabron hakutaka. Karatasi ikachovywa, taa ikawashwa, kijani kikajaa banda zima. Na hapa Mhoja alipata somo ambalo hakulitegemea, kwani Zabron hakubisha hata kidogo. Alikaa kwenye ndoo akajifuta jasho.

"Niliongeza kidogo tu, Injinia. Ndoo moja. Na watoto wanasoma."

Mtu mwenye hatia hahitaji kipimo, anahitaji mtu wa kumuuliza. Mhoja akamwonea huruma kwa kiasi kinachostahili. Alimweleza kwamba mradi unayakusanya mapipa mabovu ili yateketezwe kitaalamu, na kwamba mwenye mali akiuza kwa hiari, kwa bei ya maji, jina lake haliandikwi popote. Mapipa mawili yakatoka. Kwenye kona ya pili Injinia akavua reflekta, akawa mfanyabiashara, na kabla ya adhuhuri mapipa yaleyale yalikuwa kwa Gwalugano kwa bei ya thina safi.

Aliendelea hivyo miezi miwili. Alipita mitaa ya Sogea na Maporomoko, mpaka Mpemba barabarani. Wauzaji walioongeza maji waliuza kwa hofu, na ambao hawakuongeza waliuza kwa kuchanganyikiwa. Wakiuliza thina nzuri inaonekanaje, aliwajibu kwa huzuni, "Haiwaki. Lakini hapa Tunduma sijaiona bado." Fedha yake hakuihesabu kwa shilingi. Aliihesabu kwa miguu na mikia, na mwezi wa tisa ulipoisha alikuwa na ng'ombe watatu kamili ndani ya mfuko wa nailoni.

Akampigia simu mama yake, Nyanzobe.

"Lete hao watatu, mwanangu," mama akasema. "Wa nne nitamsemesha baba yako. Watu wa upande wa mchumba wake Emanueli wameshaanza kusikiliza posa nyingine. Mwenyewe hata chakula hali vizuri."

Mhoja alikaribia kulia, na hilo nalisema kwa sababu ni kweli. Lakini mtu aliyezoea ujanja huona aibu kufanya jambo kwa njia ya kawaida. Kurudi na watatu, abembelezewe mmoja? Yeye Injinia? Alitaka aingie bondeni na ng'ombe kumi, vumbi lionekane toka mbali, na baba asimame. Na njia ya kupata kumi ilikuwapo: mapipa manane ya thina yaliyoshushwa wiki ileile kwa mama mmoja wa mtaa wa juu, mjane, mwimba kwaya, asiye na mume wa kuuliza maswali.

"Wiki ijayo mama," akasema. "Mwambie Emanueli anyoe ndevu."

Ketrina, ambaye watu wote wanamwita Mama Ikupa, alizaliwa Isansa kwenye mashamba ya kahawa, akaja Tunduma na duka la rangi kabla lami haijafika mlangoni kwake. Alimkuta Mhoja ameshasimama kati ya mapipa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu ukae. Umetoka wapi?"

"Mradi wa ubora, mama. Tuna haraka kidogo."

"Haraka ipo. Wewe ni wa kwa nani?"

"Wa Mbeya tu, mama."

"Mbeya ni kubwa," Mama Ikupa akasema, akamwacha aendelee.

Mhoja alifungua pipa kwa mikono ya daktari. Akachovya, akawasha taa, kijani kikawaka. Akachovya la pili na la tatu. Kwenye la nne alichomoa kipande bila kukitazama vizuri, na kipande hicho alikuwa amekikata pembeni mwa ukurasa. Kilikuwa na mstari mwekundu, ule wanaochorewa watoto wasiandike nje yake. Mama Ikupa aliuona. Akakunja mikono ndani ya kanga, akainama, na Mhoja akadhani ni hofu ileile ya wengine wote.

"Kwa hiyo ni maji," mama akasema mwisho.

"Pole sana, mama yangu."

"Mengi?"

Hapo ndipo mtu mwenye kiasi angesema, mengi kidogo. Lakini kila tone lilikuwa linashusha bei. "Mama, nisikufiche. Karibu yote ni maji."

"Yesu wangu. Na mkishayachukua mnayafanyaje?"

"Tunayateketeza."

"Maji mnayateketezaje, mwanangu?"

"Kuna moto maalumu."

Mama Ikupa akatikisa kichwa kwa heshima ya moto huo. Akasema atauza, ila yeye ni mtu wa kanisa na hawezi kumuuzia mtu kitu kibovu kimyakimya, kesho akaja kulaumiwa. Waende kwa mwenyekiti wa mtaa wakaandikishane. Mhoja alifurahi. Maandishi yangemfunga mama asibadilishe mawazo.

Mwenyekiti, Mzee Boazi, alikuwa mtu wa mhuri. Wapo viongozi wanaopenda mikutano na wapo wanaopenda posho, yeye alipenda mhuri, na kila jambo lililofika mezani pake alilikuza mpaka listahili kugongwa. Alidai kitambulisho cha taifa, kwa hiyo Injinia akalazimika kuandikwa kwa jina lake halisi. Kisha mzee akaandika taratibu, akisoma kila neno kwa sauti:

"Mimi Mhoja Masumbuko, mnunuzi, nimepima mwenyewe, kwa kipimo changu mwenyewe, nikaridhika kwamba mapipa manane ya Ketrina, muuzaji, yana maji, karibu yote ni maji, nami nayanunua hivyo hivyo nikijua. Ni sawa, Injinia?"

"Sawa kabisa, mheshimiwa."

"Muuzaji?"

"Kama yeye mwenye kipimo amesema ni maji," Mama Ikupa akajibu, "mimi ni nani nibishe? Ila mapipa ayachukue Jumatatu. Leo Ijumaa wapagazi wangu hawapo, na kesho tuna mazoezi ya kwaya."

Bei ya maji, mara mapipa manane, ikatoka ng'ombe watatu bila unyoya kubaki. Mhoja aliufungua mfuko wa nailoni palepale, akatoa fedha yote, na mhuri ukagongwa mara tatu.

Jumatatu asubuhi alifika na kenta ya kukodi. Nauli alikuwa amekopeshwa na dereva mwenyewe, aliyekuwa anaelekea Kamsamba, bondeni kwao Mhoja, kufuata ufuta na hakuwa na haraka. Wapagazi wakayazungusha mapipa kwenye mbao, wanahema.

"Bosi, thina ya leo nzito," mmoja akalalamika.

"Wewe umekula nini asubuhi?" Mhoja akamfokea. Alifungua pipa moja akanusa. Harufu ikampanda mpaka machoni, thina ya kweli kabisa. Akafunga. Tuseme ukweli, katika Tunduma nzima palikuwa na mtu mmoja tu asiyeweza kujua kama thina ina maji, na huyo ndiye aliyekuwa na kipimo.

Kwa Gwalugano alipokelewa vizuri, akapewa kiti.

"Manane?" fundi akauliza. "Vizuri. Lakini yale mawili ya kwanza, kaka, yaliniharibia kichwa cha lori la Mzambia. Ukungu mweupe toka taa mpaka mlangoni. Nimelipuliza upya kwa gharama zangu."

"Labda mkono wa fundi," Mhoja akasema.

"Na mimi nilisema hivyo. Nikamfukuza fundi. Halafu nikakumbuka vile vikaratasi." Akafungua droo, akatoa kisanduku cha buluu. "Siku hizi sinunui bila kupima. Hutajali?"

Mhoja akajali, ila akasema hajali. Gwalugano akapitisha mpira wa kunyonyea ndani ya pipa mpaka kitakoni, akavuta kidogo, akachovya, akawasha taa ya noti. Kijani kiliwaka mpaka sura zao zikabadilika rangi.

"Hicho kikaratasi ni cha uongo!" Mhoja akapiga kelele. "Vinawaka vyenyewe hivyo! Mimi navijua!"

"Unavijuaje?"

Gwalugano akamimina kikombe kizima kwenye sakafu, akakiwashia kiberiti. Njiti ikazama, ikazimika. Akamimina kingine, akanawa mikono, akajipangusa usoni.

"Ya baridi," akasema. "Yametoka bombani leo?"

Mhoja alirudi kwa Mama Ikupa akikimbia, kenta inamfuata nyuma. Alimkuta amekaa nje ya duka na Mzee Boazi, wanakunywa chai. Aliyekuwa anawamiminia ni yule binti mwembamba wa kisanduku cha buluu.

"Mama, umeniuzia maji!"

"Kaa kwanza, mwanangu. Ikupa, mpe mgeni kikombe."

"Maji matupu! Mapipa manane!"

Mzee Boazi akavaa miwani. Alikuwa na nakala yake ndani ya koti, maana mtu wa mhuri hatembei bila nakala. Akasoma tena, kwa sauti, mpaka mwisho. "Hapa imeandikwa maji," akasema. "Umepata maji. Yamepungua?"

"Si hivyo! Yale mapipa yalikuwa na thina! Thina safi!"

"Nani kasema?" Mama Ikupa akauliza kwa upole. "Kipimo chako kilisema maji. Mimi thina yangu nimeihamishia kwenye mapipa mengine Jumamosi. Wanakwaya walinisaidia, tuliimba mpaka tukamaliza. Na tena sikukudhulumu. Uliandika karibu yote. Nikasema maandishi yasije yakawa uongo, kila pipa nikakuwekea juu thina lita mbili."

Ikupa alicheka, akaficha mdomo na kanga. Mhoja akamtazama, kisha akamtazama mama, na ule ufanano aliokuwa hajauona ukamjia wote kwa mkupuo, paji la uso, pua, hata namna ya kushika birika.

"Huyu ni mwanao?"

"Siku ile gerejini watu wote waliuliza," Mama Ikupa akasema. "Wewe tu ndiye uliyekuwa na haraka."

Angeenda polisi, lakini polisi wangeanza kwa kuuliza Injinia wa wapi. Angedai fedha, lakini mhuri ulikuwa umegongwa mara tatu. Dereva wa kenta akapiga honi. Alisema yeye anaondoka kwenda Kamsamba sasa hivi, mzigo ukiwa juu ama ukiwa chini, na nauli yake anaitaka huko huko. Mhoja akapanda juu ya mapipa.

Njiani, kenta inateremka kutoka nyanda za Mbozi kwenda kwenye joto la bonde, alilia kweli. Hakumlilia Mama Ikupa. Aliwalilia wale ng'ombe watatu, walioitwa na mama yake kwa simu, ambao wangekuwa wameshafika.

Ulikuwa mwezi wa kumi, mto umebaki madimbwi, na kule chini watu wanatembea saa mbili kufuata ndoo moja. Kwa hiyo kenta ilipoingia bomani kwao na mapipa manane yanayocheza maji ndani, vumbi lilionekana toka mbali, na Mzee Masumbuko akasimama. Nyanzobe akapiga kigelegele. Emanueli, amenyoa ndevu, akaja mbio akatazama nyuma ya gari, akatazama tena.

"Ng'ombe wako wapi?"

"Nimeleta maji," Mhoja akasema. Alikuwa amelifikiria hilo tangu mlima wa mwisho, na kwa sekunde chache ule ujanja wake wa zamani ukamrudia. "Baba, mwaka huu ng'ombe si kitu bila maji. Haya ni maji ya mjini. Yamepimwa kitaalamu."

Mzee akalizunguka gari mara moja. Akaagiza pipa moja lishushwe, limiminwe kwenye hori la mbao la kunyweshea mifugo. Akamfungua ng'ombe jike mwekundu, mkongwe wa zizi, ambaye hakuwa amekunywa tangu asubuhi ya jana. Jike likaja kwa haraka, likashusha kichwa, likanusa mara moja. Likapiga chafya, likageuka, likarudi kusimama juani.

Mzee Masumbuko akalitazama jike, akamtazama mwanawe, reflekta yake na ile taa ndogo iliyokuwa bado inaning'inia mfukoni.

"Huyu hajasoma," akasema, "wala hana taa."

Kisha akaokota ndoo mbili, akampa Mhoja, akamwonyesha njia ya kwenda mtoni. Emanueli alikuwa ameshatangulia na zake.